Guruguru Si Nyoka
Mazungumzo kwa wakulima wa Kiambere

Leo napenda kuwaeleza habari za mnyama ambaye wengi humwua kabla ya kumtazama. Jina lake guruguru, yule mjusi mnene akaaye chini, katika mashimo ya vichuguu na nyufa za mawe. Mtu akifyeka kichaka ili apande mtama au pojo, ghafula huona mkia wa rangi ya udongo ukipotea majanini. Hupiga kelele, "Nyoka!" na panga huanguka.

Basi mtazameni vema. Urefu wake, pamoja na mkia, hukaribia nusu mita. Magamba yake ni ya pembe nne, yamepangwa safu kwa safu kama vigae vya paa, na chini yake mna vibamba vya mfupa. Ubavuni pana mkunjo wa ngozi laini. Bila huo asingeweza kutanuka ashibapo, wala jike abebapo mayai, kwa maana deraya yake ni ngumu. Akifukuzwa huingia shimoni akajijaza pumzi, mwili ukabana kuta za shimo, hata kumtoa ni taabu. Ana miguu minne mifupi, ana matundu ya masikio, tena hupepesa macho. Nyoka hana hata kimoja katika hivyo. Sumu hana kabisa. Lakini mtu asitie mkono shimoni kumtafuta, maana nyoka wa kweli nao hupenda vichuguu.

Chakula chake ni panzi, mbawakawa na jongoo, na pengine matunda yaliyoanguka. Mwizi wa mayai ya kuku ni kenge. Guruguru hulipishwa tu makosa ya mwenziwe.

Nchi yake ni pana: nyika kavu kama hii ya Kiambere, tangu Eritrea mpaka Afrika Kusini, na magharibi hufika Ghana. Mtaalamu Mfaransa, Auguste Duméril, alimwandika mwaka wa 1851, kwa guruguru aliyetoka Unguja. Huko Ulaya na Marekani watu humnunua na kumfuga nyumbani. Tanzania, iliyokuwa ikiwatoa, ilipiga marufuku mwaka wa 2016 kusafirisha nje wanyama pori walio hai.

Jike hutaga mayai machache, mara nyingi hayazidi sita, kwa hiyo hasara ya mmoja si ndogo. Mwenye shamba akiacha kichuguu kimoja mpakani bila kukibomoa, amemwachia nyumba.