Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

(Mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa sekondari, Litembo, wilayani Mbinga. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tukiyafupisha kidogo.)

 

Mlipoambiwa mtu wa afya anakuja, bila shaka mlisema: "Haya, leo tena ni UKIMWI, mimba za utotoni na kunawa mikono." Hayo nayo ni muhimu na siku yake ipo. Leo nimekuja na kitu kingine mkononi. Mnakiona? Ni daftari la kurasa 80, la kawaida kabisa.

Utaniuliza, daftari na afya vinahusiana nini? Subiri kidogo. Nitakusimulia yaliyonipata mimi mwenyewe, kisha wewe utaamua kama vinahusiana.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu, niliamua kufanya biashara. Wenzangu wengi walikuwa wakiuza mtandaoni: huyu viatu vya mtumba, yule mafuta ya nywele. Mimi nikajiambia, kwetu kuna usipa wa Ziwa Nyasa na kahawa ya Mbinga, na huku mjini watu wanavitamani. Kwa nini nisiuze? Mama alikuwa amepata malipo ya kahawa kutoka AMCOS. Akanipa shilingi 350,000 na kuniambia, "Mwanangu, hela hii ni ya mdogo wako. Akichaguliwa kidato cha tano, nitaihitaji." Nikamwahidi kwamba itarudi ikiwa na faida.

Biashara ilichangamka! Napiga picha usipa mkavu, naweka WhatsApp, oda zinaingia. Hela ikaja kwenye simu ileile niliyopokelea pesa za mkopo wa chuo, ileile aliyotumia shangazi kunitumia nauli. Kila nilipoangalia salio nilitabasamu. Nikanunua simu nzuri zaidi, "ya kupigia picha za bidhaa". Nikawakopesha marafiki. Sikuandika popote, maana nilijiona nina kichwa kizuri. Mimi ni msomi bwana!

Mama akapiga simu. Mdogo wangu amechaguliwa, anatakiwa aende na godoro, sare na nauli. Nikaangalia salio: shilingi 41,000. Nikakaa kitandani nikijaribu kukumbuka. Nani ananidai? Nani nilimkopesha? Mzigo wa mwisho ulinigharimu kiasi gani? Kichwa kilikuwa kitupu.

Jamani, sikulala. Moyo ulinidunda usiku, chakula kilinishinda, kichwa kiliuma wiki mbili. Nikaenda zahanati nikijua nina malaria. Wakapima, hamna kitu. Mama mmoja mhudumu akaniuliza taratibu, "Mwanangu, una mawazo gani?" Nikaanza kulia.

Mdogo wangu alichelewa kuripoti shuleni wiki tatu. Hakuniuliza neno. Hadi leo hajaniuliza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Je, daftari na afya vinahusiana au havihusiani?

HATARI INAYOKUJA BAADA YAKE

Mtu aliyebanwa na deni hafikiri sawasawa. Wakati ule rafiki yangu mmoja alinishauri niende kwa wale wa mikopo ya "kausha damu". Unapewa leo, unarudisha kwa riba kubwa ajabu, na ukichelewa unadhalilishwa mbele za watu. Mwingine akaniambia kuna "baba" mmoja mwenye gari atanisaidia. Nawe unajua msaada wa namna hiyo unalipwa kwa nini. Nilikataa vyote viwili, lakini nakiri kwamba usiku mmoja nililala nikiwaza.

Ndiyo maana nasema kumbukumbu za hela ni kinga. Anayejua amebaki na shilingi ngapi huona shida ikija ingali mbali, akapata muda wa kumweleza mama ukweli.

DAFTARI LINAANDIKWAJE?

Wewe uko shuleni, na simu shuleni hairuhusiwi. Lakini likizo unakwenda nyumbani. Huenda unamsaidia kaka kuuza kahawa ya kusaga kwa WhatsApp, au dada yako wa Mbamba Bay anatuma usipa kwa wateja wa Songea na Dar es Salaam. Chukua kalamu, tuandike pamoja.

Chora safu tano: tarehe, maelezo, hela iliyoingia, hela iliyotoka, na deni. Tuseme dada amenunua usipa kilo 20 kwa shilingi 8,000 kila kilo, na anauza kilo moja 12,000. Kichwani anasema: "Napata 4,000 kila kilo, mara 20, faida 80,000!" Sasa tuandike yote.

Kununua usipa: 160,000.
Kusafirisha mzigo kwa basi: 15,000.
Mifuko: 5,000.
Bando la intaneti: 3,000.
Makato ya kutoa hela kwenye simu: 4,000.
Jumla iliyotoka: 187,000.

Ameuza kilo 17 kwa fedha taslimu: 204,000. Kilo 2 amekopesha: 24,000 ziko nje. Kilo 1 imeliwa nyumbani. Kwa hiyo mkononi amezidisha shilingi 17,000 tu. Wenye deni wakilipa zitakuwa 41,000. Iko wapi ile 80,000? Haikuwapo tangu mwanzo. Lakini asiyeandika atatumia 80,000, na hizo za ziada atazitoa kwenye mtaji bila kujua. Mimi ndivyo nilivyofanya.

Shika mambo manne:

1. Andika siku hiyohiyo, kabla ya kulala. Kesho utasahau.

2. Tenganisha hela. Kama inawezekana, biashara iwe na laini yake ya simu. Kama haiwezekani, andika kila iliyoingia ilitoka wapi: "mauzo", "zawadi ya shangazi", "ada". Hela iliyoingia kwenye simu si lazima iwe mauzo, lakini bila maandishi utamwonyeshaje mtu tofauti?

3. Jilipe kwa kiasi ulichopanga. Usichote tu kwa sababu salio lipo. Ukila kilo moja ya usipa, iandike nayo.

4. Tunza karatasi: stakabadhi za kununulia, za basi, za mifuko. Ziweke kwenye bahasha, kila mwezi na bahasha yake. Usitegemee ujumbe wa simu peke yake. Simu huibiwa, huharibika, na nyingine, wenzetu wa ziwani mnajua, huanguka majini.

NA KODI JE?

Hapa naona nyuso zimebadilika! Neno kodi linatisha. Waulize babu na bibi habari za kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003. Watakusimulia jinsi watu walivyokuwa wakikimbilia mashambani wakisikia mgambo wanakuja. Hofu ile tumeirithi. Lakini anayejificha hawezi kukua. Kila mgeni anayepiga hodi anamshtua.

Kodi hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, iliyoanza kazi Julai 1996. Mwenye biashara anatakiwa kuwa na namba ya mlipa kodi, yaani TIN. Namba hii hutolewa bure. Narudia: bure! Akija mtu mjini akakwambia "nipe elfu 50 nikufanyie mpango wa TIN", huyo ni kishoka.

Kwa mfanyabiashara mdogo ambaye ni mtu binafsi, kodi ya mapato huangalia mauzo ya mwaka mzima, siyo faida. Sasa sikiliza vizuri. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mambo ni hivi:

Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka: kodi hii ni sifuri.

Mauzo yanayozidi milioni 4 hadi milioni 7: asiye na kumbukumbu kamili analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4.

Mauzo yanayozidi milioni 7 hadi milioni 11: asiye na kumbukumbu analipa 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7.

Wenye hesabu, nisaidieni. Dada ameuza usipa wa milioni 5 kwa mwaka. Bila daftari: 100,000. Akiwa na daftari: asilimia 3 ya milioni 1, yaani 30,000. Tofauti ni 70,000! Daftari hili nimelinunua kwa hela ndogo sana. Kaka naye ameuza kahawa ya milioni 7 na nusu. Bila daftari: 250,000. Akiwa nalo: 90,000 na 15,000, jumla 105,000. Ametunza 145,000. Godoro, sare na nauli ya mtu vimo humo.

Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, na viwango vinaweza kubadilika. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ulizia ofisi ya TRA viwango vya mwaka huo. Kuuliza si ujinga.

UKILETEWA FOMU NYUMBANI

Wengi wenu ndio wasomi wa nyumba zenu. Mama anasema, "Mwanangu, hebu nisomee karatasi hii." Hiyo ni heshima, na ni dhamana kubwa.

Soma fomu yote kwanza, hadi chini, kabla ya kuandika hata herufi moja. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Penye makadirio ya mauzo ya mwaka usibuni; fungua daftari la mwaka uliopita, ujumlishe. Ukibuni kubwa, mama atalipa asichostahili. Ukibuni ndogo makusudi, umemfanya mama awe mwongo kwa mkono wako. Asiyeelewa asitie sahihi mpaka aelezwe. Bakini na nakala.

Kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu 4: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ziandike tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani. Malipo hufanywa kwa kontroo namba, benki au kwa simu. Usitume kodi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata akivaa tai! Stakabadhi na daftari vitunzwe miaka 5, ndivyo sheria inavyotaka.

Na kama mama ameelemewa na makadirio anayoona si sahihi? Asikimbie. Aende na daftari lake, aeleze kwa adabu. Mwenye maandishi husikilizwa tofauti na mwenye maneno matupu.

MASWALI YENU

Mwanafunzi wa kidato cha tatu: "Dada, nauza mtandaoni tu, sina duka. Kodi inanihusu?"

Inakuhusu. Sheria haiulizi kama una mlango na kufuli, inaangalia mauzo. Mwaka 2025 TRA iliwataka wanaouza mtandaoni wajisajili kama wafanyabiashara wengine.

Mwanafunzi wa kidato cha pili: "Nina miaka 16. Nitapataje TIN?"

TIN huombwa kwa namba ya NIDA, na kitambulisho hicho hupewa aliyetimiza miaka 18. Kwa sasa biashara iwe ya mzazi au mlezi, wewe uwe karani wake. Ukifika miaka 18, utakuwa unajua kazi tayari.

Mwanafunzi wa kidato cha nne: "Kodi yenyewe inatusaidia nini?"

Tangu 2016 ada ya sekondari za serikali imefutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa hadi cha sita. Pengo la ada ile linajazwa na fedha za umma, na kodi imo humo. Ukiona kodi imetumika vibaya, una haki ya kuuliza kwenye mkutano wa kijiji. Anayelipa huuliza kwa sauti.

NENO LA MWISHO

Wazee wetu Wamatengo wamelima ngoro kwenye milima hii kwa zaidi ya miaka 100. Hakuna anayechimba ngoro kwa kukisia. Nyasi hupangwa, udongo hufuatia, kila shimo na mahali pake, na mvua ikija hauondoki na shamba. Hela nayo ipangiwe mistari yake, isiondoke na maji.

Mimi nilimrudishia mama hela yake yote. Ilinichukua mwaka mmoja na miezi minne, na kila shilingi imeandikwa humu. Hili daftari ninaloshika ndilo lenyewe. Ukurasa wa mwisho nimeandika: "Deni la mama, limekwisha." Usiku ule nililala fofofo.

Leo ukirudi bwenini, chukua daftari moja la zamani lenye kurasa zilizobaki. Chora safu tano. Anza na hela ya matumizi uliyokuja nayo muhula huu. Usingoje kuwa na biashara.

 

YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mtu anaweza kuwa na hela nyingi kwenye simu na bado akawa anapata hasara?

2. Rafiki yako anadaiwa na ameanza kukosa usingizi. Utamshauri aanze kuongea na nani?

3. Mauzo ya mwaka ni shilingi 6,000,000. Piga hesabu ya kodi kwa mwenye kumbukumbu na kwa asiye nazo, kwa viwango tulivyovitaja.