Mchungaji Asiyeliacha Kundi: Imani, Mateso na Wito wa Mkristo

Hotuba iliyotolewa katika Ibada ya Kilele cha Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika
Masomo: Yohana 10:11–13, 2 Wakorintho 5:14–15



Usharika unapotimiza miaka 100, desturi ni kuhesabu. Huhesabiwa majengo, waliobatizwa, waliobarikiwa kwa Kipaimara, kwaya na mitaa iliyozaliwa. Hesabu hiyo ni njema, nayo ni sehemu ya shukrani. Lakini Maandiko yaliyosomwa yanadai hesabu nyingine. Yanauliza ni nani aliyebaki na kondoo mbwa-mwitu alipokuja, na kwa nini alibaki.

Swali hilo lilijibiwa na mtumishi mmoja wa Afrika Mashariki, Mchungaji Gudina Tumsa wa Ethiopia. Alizaliwa mwaka 1929 katika eneo la Wollega, magharibi mwa nchi hiyo, katika jamii ya Waoromo. Alifanya kazi ya uuguzi hospitalini kabla ya kuingia katika huduma ya uchungaji, na baadaye akasoma theolojia Marekani. Mwaka 1966 alianza kazi ya Ukatibu Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Ethiopia Mekane Yesus, Kanisa la Kilutheri lililoundwa mwaka 1959. Jina Mekane Yesus maana yake ni Mahali pa Yesu.

Mwaka 1972 Kanisa hilo, chini ya uongozi wake, liliandika barua kwa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Wafadhili wa nchi za Magharibi walikuwa tayari kutoa fedha za shule, zahanati na visima, lakini mkono ulikuwa mzito ilipofika kazi ya kuhubiri Injili na kufundisha wainjilisti. Barua ile ilikataa mgawanyo huo. Ilieleza kwamba mwanadamu ni mmoja. Anayempa mkate akamnyima Neno amemhudumia nusu, na anayempa Neno huku akipita kando ya njaa yake amemhudumia nusu vile vile. Mwaka 1974 Shirikisho liliitisha mkutano Nairobi kulijadili jambo hilo. Kanisa changa la Afrika lilikuwa limewafundisha waliolilea.

Mwaka huo huo wa 1974 Mfalme Haile Selassie alipinduliwa, na utawala wa kijeshi uliojulikana kama Derg ukashika nchi. Mwanzoni Wakristo wengi waliupokea kwa matumaini, kwa kuwa ardhi iligawiwa wakulima waliokuwa wameonewa kwa vizazi vingi. Mchungaji Gudina naye hakuililia dhuluma iliyoondoka. Lakini utawala ule ulipodai utii ambao ni haki ya Mungu peke yake, yeye alisimama. Makanisa yalifungwa, Wakristo wakatiwa gerezani, na katika miaka ya 1977 na 1978 damu nyingi ilimwagika katika kipindi kilichoitwa Ugaidi Mwekundu.

Mchungaji Gudina alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1978, na tena mwaka 1979. Baada ya kuachiliwa ilipatikana nafasi ya kuondoka nchini. Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa Tanzania wakati huo, anatajwa miongoni mwa waliokuwa tayari kumsaidia. Alikataa. Sababu aliyoitoa ndiyo somo la leo: kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wote, ili walio hai wasiishi tena kwa ajili ya nafsi zao. Kiongozi wa Kanisa, kwa ufahamu wake, hakuweza kuliacha kundi saa ya jaribu. Tarehe 28 Julai 1979, alipotoka kanisani Addis Ababa pamoja na mke wake, Tsehay Tolessa, alitekwa na watu wenye silaha. Aliuawa usiku huo. Mwaka huo huo utawala ulimwua pia Patriaki Theophilos wa Kanisa la Orthodoksi.

Hapa inafaa kusimama na kupima jambo, maana ushujaa wa mtu mmoja usipoeleweka vizuri unaweza kugeuka mzigo kwa wengine. Je, anayekimbia hatari ametenda dhambi? Maandiko hayasemi hivyo. Bwana Yesu aliwaruhusu wanafunzi wake wakimbilie mji mwingine wakiudhiwa katika mmoja. Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Bwana mwenyewe, akiwa mtoto mchanga, alikuwa mkimbizi Misri. Hivyo mkimbizi anayefika mlangoni mwa Kanisa apokelewe bila kuhojiwa juu ya ujasiri wake.

Martin Luther alikutana na swali hilo mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg. Aliandika kwamba kuokoa maisha si kosa, mradi jirani asiachwe bila msaada. Lakini mwenye dhamana hana uhuru huo: mchungaji ana wanaokufa wa kuwafariji, mtawala ana mji wa kulinda, mzazi ana watoto, na mtumishi ana bwana wake mgonjwa. Luther mwenyewe alibaki, na nyumba yake ikawa mahali pa kutunzia wagonjwa. Kipimo chake hakikuwa ushujaa bali wito. Swali si, "Je, naogopa?" Swali ni, "Nikiondoka, ni nani atakayebaki bila mtu?"

Kwa kipimo hicho Mchungaji Gudina hakutafuta kufa. Alikaa mahali alipowekwa.

Lakini ukweli una upande wa pili, na Kanisa lisiufiche. Uamuzi ule haukulipwa na mtu mmoja. Mama Tsehay alikamatwa mwaka 1980, akateswa vikali, akakaa kifungoni karibu miaka 10 bila kuhukumiwa na mahakama yoyote. Watoto walibaki bila baba, na mama yao yuko nyuma ya kuta. Kwa miaka mingi familia haikujua mwili wa baba ulipo. Ni baada ya utawala ule kuanguka, Mei 1991, ndipo mabaki yake yalipopatikana, na mwaka 1992 yakazikwa kwa heshima. Vitabu vya historia huandika jina la anayeuawa. Aliyeteswa akaachwa hai, akarudi nyumbani na makovu na kuanza maisha upya, hutajwa kwa mstari mmoja. Mbele za Mungu mstari huo si mfupi.

Kwa Usharika unaoadhimisha Jubilei, mambo matatu yanafuata.

Kwanza, mateso si ushahidi kwamba imani imepungua. Yako mahubiri siku hizi yanayofundisha kwamba mwenye imani ya kweli haugui, hafilisiki, wala hafiwi mapema. Mahubiri hayo humwongezea mgonjwa ugonjwa wa pili, yaani aibu. Mama Tsehay gerezani hakuwa na upungufu wa imani. Ayubu hakuwa nao. Kristo msalabani hakuwa nao.

Pili, uaminifu hujaribiwa mahali pa kawaida kabla ya kujaribiwa mbele ya bunduki. Mtunza hazina anayekataa kusaini hesabu za uongo, muuguzi anayebaki na mgonjwa asiye na ndugu, mzee wa kanisa anayemtetea mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake, mume anayemtunza mke aliyelala kitandani miaka mingi: hawa wote wameambiwa na dunia waondoke, nao wamebaki kwa sababu ya wito.

Tatu, Kanisa linalobaki na wanaoteseka lisiwaachie mzigo wajane na watoto wa mashujaa wake. Kusifu kaburi ni rahisi. Kulipa ada ya yatima, kumtembelea aliyetoka kifungoni, na kumsikiliza aliyeteswa bila kumharakisha asamehe, hiyo ndiyo heshima inayomfikia aliye hai.

Kanisa la Mekane Yesus lilianza na waumini wapatao 20,000. Leo lina zaidi ya milioni 10, na ni moja ya makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri ulimwenguni. Isidhaniwe kwamba damu ilinunua idadi hiyo; ukuaji ni kazi ya Roho Mtakatifu. Lakini kondoo waliuona mlango ukilindwa, wakajua kwamba sauti iliyowaita haikuwa ya mtu wa mshahara.

Miaka 100 ijayo wengine watakaa katika viti hivi na kuhesabu. Na waikute hesabu ya majengo, na waikute pia hesabu ya waliobaki. Mungu aliye mwaminifu aubariki Usharika huu, awafariji wote wanaoteseka ndani yake, na kumpa kila mmoja nguvu ya kukaa mahali alipowekwa. Amina.