Kiima, Yambwa na Swali la "Nani"



Kwa miaka mingi nimesahihisha madaftari yenye sentensi kama "Juma saw who?" na "Who did came?" Kalamu nyekundu hupita, alama hupungua, na mwanafunzi haelezwi kitu. Leo napenda tujiulize: kanuni yake ameitoa wapi?

Katika Kiingereza, kiulizi kikiwa kiima, mpangilio wa sentensi haubadiliki: "Who saw Juma?" Kikiwa yambwa, huhamia mwanzoni, na kitenzi kisaidizi hutangulia kiima: "Who will Juma see?" Pasipokuwa na kisaidizi, huletwa "do", nacho ndicho hubeba njeo: "Who did Juma see?" Kwa hiyo "Who did came?" ina makosa mawili: kisaidizi kimeletwa pasipohitajika, na njeo imewekwa mara mbili. Mwanafunzi alifundishwa kanuni bila mpaka wake.

Kiswahili hakilazimishi uhamisho huo. Husemwa "Nani alimwona Juma?" na "Juma alimwona nani?" Kiulizi hukaa palepale ambapo jibu lingekaa. Basi "Juma saw who?" si uzembe, bali ni sarufi ya Kiswahili iliyovikwa maneno ya Kiingereza.

Hata hivyo, tusijivune mapema. Chukueni swali hili: "Ni nani aliyempiga Juma?" Wengi wetu tutaelewa kwamba Juma ndiye aliyepigwa. Lakini sarufi inaruhusu pia kwamba Juma ndiye aliyepiga, kwa kuwa kirejeshi kikiwa ndani ya kitenzi, kiima cha kishazi hicho huweza kufuata kitenzi, na viambishi a- na -m- vyote ni vya ngeli ya watu. Ngeli zikitofautiana, utata hutoweka: "Ni kitabu gani alichokisoma Juma?" Vilevile "Ni nani ambaye Juma alimpiga?" haina utata. Mahakamani, tofauti hiyo ndiyo inayomtenga mshtakiwa na mlalamikaji.

Ombi langu kwa walimu ni hili: kabla ya kuchora mstari mwekundu, ziwekeni sarufi mbili ubaoni, bega kwa bega. Mwanafunzi anayejua kwa nini "nani" hukaa mwishoni katika lugha yake atajua pia kwa nini "who" hukaa mwanzoni katika lugha ya pili.