Kuku Hakukosa

Leo nataka kusema nanyi habari ya kuatamisha mayai ya kuku nyumbani. Najua baadhi yenu watacheka na kusema, "Mwalimu, kazi hiyo ni ya kuku, si yetu!" Mimi nami nilidhani hivyo zamani.

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu Bonde, nchi ya Tanga, mama alikuwa na kuku mmoja mwekundu. Alimwatamisha mayai 12, akaniambia ya kuwa vifaranga vikikua vitauzwa, nami nitapata ada ya shule. Siku moja kuku alipotoka kwenda kula, niliona mayai yana vumbi na mavi. Nikayaosha kwa maji ya mtungini, nikayasugua hata yakang'aa, nikayarudisha kiotani, nisimwambie mtu. Siku 21 zikapita, asitoke kifaranga hata mmoja. Mayai yote yalikuwa viza. Mama akasema kuku yule hafai, akamchinja. Nami nikala nyama yake, nikanyamaza. Ada ya mwaka ule baba aliipata kwa kukopa.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikisomea ualimu, ndipo nilipofahamu. Gamba la yai lina matundu mengi madogo yasiyoonekana kwa macho, na kwa matundu hayo kifaranga hupata hewa. Juu ya gamba pana utando mwembamba uzuiao uchafu usiingie. Ukiliosha yai, utando huo huondoka. Na maji ya baridi huvuta uchafu ndani, yai likaoza. Kuku hakukosa, nilikosa mimi.

Basi sikilizeni. Kwanza, chagueni mayai mazima, ya ukubwa wa kadiri, ya kuku akaaye na jogoo, yasiyopita siku 7 tangu kutagwa. Yawekeni penye kivuli, mbali na meko. Lililochafuka sana msiliatamishe. Mayai 10 au 12 yamtosha kuku wa kwetu. Mkizidisha, mengine hubaki nje ya mbawa. Na kwa kuwa yeye huyageuza na kuyahamisha kila siku, yote hupatwa na baridi kwa zamu.

Pili, tengenezeni kiota mahali pa kimya, pasipo mwanga mwingi. Nyunyizeni majivu chini, maana utitiri humfukuza kuku kiotani; kisha tandikeni majani makavu. Chakula na maji viwe karibu, kwa sababu huinuka mara chache, wala hakai nje sana.

Tatu, usiku wa siku ya 7, mulikeni kila yai mbele ya taa, chumbani mwenye giza. Lenye uhai huonyesha mishipa myembamba kama miguu ya buibui. Lililo jeupe tupu halina mbegu, liondoeni. Mengine yarudisheni polepole.

Nne, tangu siku ya 18 msiyaguse tena. Kifaranga hutoboa gamba mwenyewe, na pengine kazi hiyo humchukua mchana kutwa. Msimbandulie gamba, maana damu yake huenda ingali katika ngozi ya ndani, naye aweza kufa mikononi mwenu. Haraka haraka haina baraka. Akiisha kutoka, msihofu asipokula siku ile: kiini kilichobaki tumboni humtosha. Kisha mpeni maji safi, chenga za nafaka na mchwa.

Enyi wanafunzi, kuku wa nyumbani kwenu akikosa kutotoa, kabla kisu hakijanolewa, ulizeni kwanza: mayai yalikuwa ya siku ngapi? Na mikono ya watu iliyafanya nini?

Nilipokwenda likizo nilimwungamia mama habari ile. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi, mwanangu, wafundishe wenzio." Ndiyo sababu nimesema nanyi leo. Kwaherini.