Mnyoo Anayekausha Damu ya Mbuzi

Ndugu mfugaji, mvua zikianza, funua kope za mbuzi wako utazame rangi ya ndani. Mnyoo aitwaye Haemonchus contortus huishi katika tumbo la nne la mbuzi na kondoo, akinyonya damu. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku, nayo hutoka na kinyesi. Penye joto na unyevu huanguliwa. Baada ya wiki moja hivi lava, akishajivua ngozi mara mbili, hupanda majani yenye umande. Mbuzi akimla, wiki tatu zinatosha mnyoo kupevuka na kutaga.

Kope zikiwa nyeupe, au taya limevimba kwa chini, hali ni mbaya. Usinyweshe kundi zima dawa ovyoovyo, maana minyoo hujenga usugu. Mwite afisa mifugo mapema.