Usijifungie Chumbani: Maneno kwa Vijana Wanaokwenda Chuo Kikuu

(Hotuba iliyotolewa na mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika ukumbi wa parokia, siku ya kuwaaga vijana wanaojiunga na vyuo vikuu.)



Nimepewa nusu saa. Lakini najua kuna akina mama hapa ambao ng'ombe wao hawajakamwa, kwa hivyo sitaimaliza yote. Nimeombwa niongee juu ya maisha ya chuo kikuu. Mambo ya masomo yenyewe nawaachia walimu. Mimi nitaongea juu ya zile saa ambazo mwanafunzi hayuko darasani: vyama vya wanafunzi, michezo, maigizo, midahalo, siku za utamaduni, kupanda miti. Yaani mambo ambayo wanafunzi wanayapanga na kuyaendesha wao wenyewe.

Naona wazazi wengine wameanza kukunja uso. "Nimeuza shamba ili mtoto aende akacheze?" Ngojeni kwanza.

WOGA WETU UNA SABABU

Wengi wetu tulipokuwa wadogo, habari za chuo kikuu zilikuja kwa redio, na mara nyingi zilikuwa habari mbaya. Chuo kimefungwa. Wanafunzi warudi nyumbani, wapige ripoti kwa chifu. Baada ya jaribio la kupindua serikali la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Titus Adungosi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, SONU, alifungwa miaka 10, na akafa akiwa gerezani mwaka 1988. Mwaka 1987 chama kikapigwa marufuku, na mwenyekiti wa wakati huo, Wafula Buke, akahukumiwa kifungo cha miaka 5. Mwaka 1997 kiongozi mwingine wa wanafunzi, Solomon Muruli, alikufa katika mkasa wa moto chumbani mwake.

Kwa hivyo mzazi aliyemwambia mtoto wake, "Soma, chukua karatasi yako, rudi nyumbani," hakuwa mjinga. Alikuwa anaogopa kumzika mtoto.

Lakini kuna upande mwingine ambao redio haikutangaza sana. Kuanzia mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walizunguka na maigizo yao bila malipo, wakawaonyesha watu wa vijijini, na miaka ya 1970 wale wa Nairobi nao wakafanya hivyo. Kule Kenyatta University wanafunzi wana Wiki ya Utamaduni, ambapo kila jamii inaonyesha vyakula, ngoma na mavazi yake. Hayo pia ni maisha ya chuo. Hakuna jiwe linalorushwa hapo.

KIJANA ALIYENITII

Sasa niwaambie kosa langu mwenyewe.

Kaka yangu ana kijana ambaye alifanya vizuri kidato cha nne, akaitwa chuo kikuu. Mimi ndiye niliyempeleka, nimebeba godoro, yeye amebeba sanduku. Tulipofika langoni tulikuta meza nyingi zimepangwa, na wanafunzi wakubwa wanaita wageni. Njoo kwaya. Njoo mdahalo. Njoo klabu ya mazingira. Njoo chama cha wanafunzi wa kaunti yenu. Msichana mmoja akampa kijana wetu karatasi ya kujiandikisha. Mimi nikaichukua mkononi mwake, nikaikunja, nikaitia mkobani.

Nikamwambia, "Hukuja hapa kwa hayo."

Akasema, "Sawa, shangazi."

Na kweli alinitii. Darasani, chumbani, darasani, chumbani. Mwaka wa pili baba yake akaugua na karo ikakwama. Kijana akazuiwa kufanya mtihani. Hakumwambia mtu yeyote. Tukimpigia simu anasema, "Masomo yako sawa." Mwaka mzima tulikuwa tunaambiwa masomo yako sawa.

Siku moja nikakutana na binti wa hapa kwetu anayesoma chuo hicho hicho, tena kozi hiyo hiyo. Nikamwuliza, "Kijana wetu anaendeleaje?" Akaniangalia, akauliza, "Yupi?"

Wazazi, hilo neno "yupi" lilinichoma. Mtoto amekaa mahali miaka miwili na mtu wa kwao hamjui.

Nilipanda basi usiku huo. Nilimkuta anabeba mawe kwa mjengo, amekonda. Nilitaka kumkemea, lakini yeye aliniuliza tu, "Ningemwambia nani, shangazi?" Sikuwa na jibu. Mimi ndiye niliyefunga huo mlango pale langoni.

Asubuhi tulikwenda kwa ofisi inayoshughulikia mambo ya wanafunzi. Huko ndiko nilijifunza kwamba angeweza kuandika barua mapema na kuahirisha masomo. Angeweza kuomba kulipa karo kidogo kidogo. Angeweza kuomba basari. Na kile chama cha wanafunzi wa kaunti yetu, ambacho karatasi yake niliikunja, muhula ule ule kilikuwa kimefanya mchango wa kuwasaidia wenzao watatu waliokwama. Hawakumsaidia wetu kwa sababu hawakujua kama yupo.

Chuo kilikubali arudi, lakini alianza tena mwaka wa pili. Muda wote huo umepotea, na hakuna basari ya kuurudisha.

SIKU YA ELIMU

Agosti iliyopita wanafunzi wa chama hicho walikuja hapa kwetu kufanya Siku ya Elimu kwa wanafunzi wa sekondari. Nilikaa nao tangu mwanzo, na nikaona kazi inavyofanywa.

Barua yao ya kwanza kwa mwalimu mkuu ilikataliwa. Haikuwa na tarehe, wala haikusema nani atasimamia. Wakaandika upya. Wanachama 41 walichanga shilingi 200 kila mmoja, ikawa 8,200. Mwenyekiti alitaka wanunue fulana zenye jina la chama. Mweka hazina, msichana mdogo wa mwaka wa pili, akasema hapana, fulana hazimfundishi mtu. Hema na viti zikachukua 3,500, githeri na chai 2,600, nauli ya mgeni 1,000, na karatasi za kuchapa 700. Zikabaki 400.

Siku yenyewe mgeni alichelewa saa mbili. Watoto wameketi, jua kali. Basi mwanafunzi mmoja akasimama, akaanza kuwaeleza jinsi ya kuchagua kozi kupitia KUCCPS, na jinsi ya kuomba mkopo wa HELB, ile bodi iliyoundwa mwaka 1995. Alianza kwa kutetemeka. Mgeni alipofika, hakuna aliyetaka yule kijana akae chini.

Lakini jambo lililonifurahisha zaidi lilikuwa jioni. Mama aliyepika githeri hakuwa na kitabu cha risiti. Yule mweka hazina akarudi kwake kwa miguu na daftari, wakaandika kiasi, tarehe na jina, mama akatia sahihi. Kisha wakaitana wote chini ya mti, akasoma hesabu kwa sauti. Kijana mmoja akauliza, "Na soda ya mgeni ilitoka wapi?" Akajibiwa imetoka kwa mwalimu mkuu. Hakuna aliyenuna.

Mimi nimefanya kazi na kamati za maji, kamati za zahanati, na vikundi vya akina mama. Nyingi zilikufa, na mara nyingi si kwa kukosa pesa. Zilikufa kwa sababu hakuna aliyethubutu kuuliza ile soda ilitoka wapi, au aliyeuliza akaitwa adui. Hawa vijana wamejifunza kuuliza, na kuulizwa, wakiwa na miaka 20. Huo ujuzi hauandikwi kwa cheti, lakini ndio tunaouhitaji hapa nyumbani.

Yule kijana wetu pia alikuwepo. Kazi yake ilikuwa kuhesabu viti vikija na vikirudi. Vilikuja 120, vikarudi 120. Alikuja kuniambia mwenyewe.

NINYI MNAOKWENDA

Kwa hivyo vijana, nawaomba mambo haya.

Kwanza, wiki za mwanzo tembeleeni mikutano kadhaa, halafu chagueni viwili tu. Kimoja cha kitu unachopenda, kama mpira, kwaya au maigizo. Kingine cha kutumikia wengine. Ukijiunga na vyama saba huna chama hata kimoja.

Pili, anza na kazi ndogo. Panga viti, andika majina, pokea wageni. Anayetaka uenyekiti kabla ya kufagia ukumbi, mwogopeni.

Tatu, uliza habari ya pesa. Chama kisichosoma hesabu mbele ya wanachama, toka. Na ukishika pesa wewe, andika siku hiyo hiyo. Usiseme nitakumbuka.

Nne, masomo kwanza. Mambo ya chama yasikutoe darasani, na mtihani ukikaribia, waambie wenzako waziwazi kwamba kazi yako ichukuliwe na mwingine. Chama cha maana kitakuelewa.

Tano, siasa ya wanafunzi si dhambi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 inatambua vyama vya wanafunzi, na mabadiliko ya mwaka 2016 yalileta utaratibu wa kuchagua wajumbe, ili wao nao wachague viongozi. Ujue sheria ya chuo chako, piga kura, gombea ukitaka. Lakini mwanasiasa wa nje akikuletea pesa ili upige kelele kwa niaba yake, huyo anakununua. Kataa.

Sita, ukikwama, sema. Sema mapema, kabla ya mtihani. Ukiwa na kikundi, utakuwa na mtu wa kumwambia.

NA SISI WAZAZI

Mtoto akija likizo, usimwulize tu amepata alama ngapi. Mwulize, "Rafiki zako ni akina nani? Muhula huu mlifanya nini pamoja?" Akikosa jibu, usifurahi ukidhani anasoma sana. Kaa naye, umsikilize.

Na karo ikikosekana nyumbani, mwambie ukweli. Kijana wetu aliogopa kutuambia, na sisi tulikuwa tunaogopa kumwambia baba yake ni mgonjwa kiasi gani. Tulifichana, na hiyo siri ikatugharimu.

Ile karatasi niliyoikunja bado ninayo. Imechakaa, lakini jina la chama linasomeka. Siku moja nilimwonyesha kijana, akacheka, akasema, "Shangazi, hiyo sasa ni ya makumbusho." Mimi sikuweza kucheka sana.

Vijana, mtu akikupa karatasi pale langoni, ichukue, uisome, uamue mwenyewe. Na wewe mzazi uliyebeba godoro, bakia na godoro lako. Huo mkono wa mtoto uache.

Sasa nendeni mkakame ng'ombe.