KUAMKA SIYO MWISHO WA DAWA YA USINGIZI

(Mazungumzo ya muuguzi wa dawa ya usingizi mbele ya wanakisomo)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya dawa ya usingizi ya hospitali. Wengi wetu tunaiita nusu kaputi. Neno hilo kaputi linafanana na neno la Kijerumani lenye maana ya kitu kilichoharibika. Basi watu wakisikia nusu kaputi hudhani mgonjwa anauawa nusu, halafu anafufuliwa. Kwa hofu hiyo wapo wanaokataa kupasuliwa, hata mama mjamzito ambaye uchungu umemkwamia. Hofu hiyo tuiondoe. Lakini iko hatari nyingine ambayo watu hawaiogopi, nayo huja baada ya mgonjwa kuamka. Hiyo ndiyo nitakayoisema zaidi leo.

Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa hajafa hata robo. Moyo wake unapiga na damu yake inazunguka. Ubongo ndio uliotulizwa ili asisikie maumivu. Zamani watu walishikwa kwa nguvu wakakatwa huku wanapiga kelele. Tarehe 16 Oktoba, 1846, mjini Boston, Marekani, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, na mgonjwa akapasuliwa bila ya kupiga kelele. Tangu hapo kazi yetu imekuwa mambo mawili: kumlaza mtu salama, na kumwamsha salama.

Sasa, je, dawa ikishaingia mwilini inatokaje? Ziko njia tatu.

Njia ya kwanza ni pumzi. Dawa ya kuvuta, kama vile halotheni, huingia kwa njia ya mapafu. Tukiifunga mashine, sehemu kubwa ya dawa hiyo hutoka kwa njia ile ile iliyoingilia. Mgonjwa anapumua, na kila pumzi inatoa dawa kidogo. Kwa hiyo mgonjwa anayepumua vibaya huchelewa kuamka.

Njia ya pili ni kuhama. Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo makosa mengi yanapoanzia. Dawa ya kuchoma mshipani, kama thiopentoni au propofoli, huingia moja kwa moja kwenye damu. Ubongo hupata damu nyingi, kwa hiyo dawa hufika huko upesi, na mgonjwa hulala kwa muda usiozidi dakika moja. Lakini damu haisimami. Inaichukua dawa kutoka kwenye ubongo na kuipeleka kwenye nyama na mafuta ya mwili. Ikiwa hatukumwongezea, baada ya dakika tano hadi kumi hivi mgonjwa anafumbua macho.

Fikirini arusi. Wageni wanaingia wote sebuleni, hakuna pa kukanyaga. Baada ya muda wanatawanyika, wengine vyumbani, wengine uani, wengine jikoni. Ukichungulia sebuleni unakuta nafasi. Je, wageni wamekwenda kwao? Hapana! Wamo humo humo nyumbani. Ndivyo ilivyo dawa hii. Ubongo umepata nafasi, mgonjwa ameamka, lakini dawa imo bado mwilini.

Njia ya tatu ndiyo ya kuwatoa wageni hao nje kabisa. Hiyo ni kazi ya ini na figo. Ini huivunja dawa, na figo huitoa kwenye mkojo. Kazi hii haiendi kwa dakika, inakwenda kwa masaa. Kwa mzee, kwa mtoto mchanga, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini au figo, huchukua muda mrefu zaidi.

Ndiyo maana mgonjwa anayeruhusiwa kurudi nyumbani siku ile ile huambiwa angoje masaa 24 kabla ya kuendesha baiskeli, pikipiki au gari. Asishike mashine ya kusaga. Asinywe pombe. Asitie sahihi kwenye hati ya shamba wala ya mkopo, kwa sababu akili yake bado haijatulia, ingawa mwenyewe atakuambia, "Mimi mzima kabisa." Mama anaweza kumnyonyesha mtoto akishaamka vizuri, lakini mtu mwingine akae karibu, mama asije akasinzia akamlalia.

Iko dawa nyingine inayotumika sana katika hospitali zetu, nayo ni ketamini. Hii usishangae ukimwona mgonjwa amelala huku macho yake yako wazi. Ikichomwa mara moja mshipani, nguvu yake hukaa kama robo saa hivi. Ikichomwa kwenye nyama hukaa zaidi kidogo. Wakati wa kuamka, mgonjwa anaweza kuota ndoto za kutisha, akalia, akasema maneno asiyoyajua. Hajarogwa wala hana pepo, ni dawa inakwisha. Msimzunguke wengi, msimtikise, msimsemeshe kwa kelele. Mwacheni mahali penye utulivu na muuguzi amwangalie.

Tena iko sindano ya mgongo, ambayo akina mama wengi huchomwa wakati wa kupasuliwa ili wazae. Hii hailazi ubongo. Inafanya ganzi toka tumboni hadi miguuni, kwa masaa mawili hadi manne hivi. Miguu hurudi polepole. Mtu anaweza kuzichezesha nyayo zake akadhani amekwisha pona, kumbe akisimama magoti yanamwangusha. Asisimame mara ya kwanza bila ya kushikwa na muuguzi. Na ganzi ya jino, dawa ya lignokaini, mdomo unaweza kukaa saa moja hadi masaa kadhaa bila ya kusikia kitu. Mtoto asipewe chakula kabla ganzi haijaisha. Atajitafuna mdomo na wala hatajua mpaka aone damu.

Sasa nije kwenye swali ambalo watu huuliza sana: "Je, hakuna dawa ya kumwamsha mtu?" Jibu ni kwamba zipo chache, na kila moja ina adui wake mmoja tu.

Kwanza kuna neostigmini. Katika upasuaji mkubwa tunampa mgonjwa dawa ya kulegeza misuli. Dawa hiyo inakalia kiti cha mjumbe anayeleta amri kutoka kwenye mshipa wa fahamu kwenda kwenye msuli. Neostigmini huuzuia mwili usiwaangamize wajumbe hao. Wajumbe wanakuwa wengi, wanarudia viti vyao, na msuli unafanya kazi tena. Dawa hii ina historia ya Afrika. Huko Calabar, Nigeria, zamani watu walioshukiwa uchawi walilishwa maharage yenye sumu. Mwaka 1900, daktari Jacob Pal wa Vienna, Austria, aliona kwamba dawa iliyotolewa kwenye maharage hayo iliipinga sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini, sumu ambayo hulegeza misuli mpaka mnyama hawezi kupumua. Neostigmini ni ndugu wa dawa hiyo aliyetengenezwa na wataalamu. Tunaichoma pamoja na atropini, kwa kuwa peke yake hupunguza mwendo wa moyo.

Pili kuna naloksoni. Hii inapinga mofini, petidini na dawa za jamii hiyo, ambazo zikizidi humfanya mtu asahau kupumua. Tatu kuna flumazenili, inayopinga dayazepamu na ndugu zake, lakini siyo kila hospitali inayo. Ketamini haina dawa ya kuipinga. Dawa za kuvuta nazo pia hazina. Hapo ni kulinda pumzi na kungoja.

Jambo kubwa ni hili. Dawa ya kuamsha haiitoi ile nyingine mwilini. Inaizuia tu kwa muda. Mofini inaweza kufanya kazi kwa masaa manne, lakini naloksoni inaweza kwisha katika nusu saa hadi saa moja na nusu. Ikiisha, mofini iliyobaki inarudi kazini. Mgonjwa aliyekuwa anazungumza na ndugu zake anasinzia tena, pumzi inapungua, na watu wanasema, "Mwacheni apumzike, amechoka." Kumbe anakufa mbele ya macho yao! Kwa hiyo muuguzi akisema mgonjwa asiondoke bado, msigombane naye kwa sababu gari linangoja.

Hata kwenye vijumba vyetu jambo hili lipo. Watu hupeana vidonge vya dayazepamu kama karanga. Nusu ya dawa hiyo inaweza kukaa mwilini siku moja, hata mbili. Mtu akimeza leo, akameza kesho, vinaongezana. Akitia na pombe juu yake, pumzi inaweza kukatika usingizini. Kahawa kali haiondoi dawa hiyo, wala maziwa, wala kumwagiwa maji ya baridi. Mkimbizeni hospitali pamoja na karatasi au kichupa cha dawa.

Ndugu zangu, mkiwa na mgonjwa, shikeni haya:

1. Kabla ya kulazwa usingizi, semeni kweli kama amekula. Kwa kawaida chakula kiwe kimepita masaa sita au zaidi. Mkificha, chakula kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu. Semeni pia kila dawa aliyokunywa, za hospitali na za miti shamba.

2. Akitoka kupasuliwa, msimpe uji wala maji mpaka muuguzi aruhusu. Kufumbua macho hakutoshi. Lazima aweze kumeza sawasawa.

3. Akiwa na usingizi, alazwe ubavu, kidevu kiinuliwe kidogo, ulimi usije ukaziba koo. Akikoroma kwa namna ya kukabwa, akipumua polepole mno, au midomo ikibadilika rangi, mwite muuguzi mara moja. Usione haya.

4. Usiku wa kwanza nyumbani asilale peke yake. Mtu mmoja aamke kumwangalia.

Na la mwisho. Zamani tulipewa cheti hospitalini tukakikunja, tukakichomeka kwenye paa. Sasa mnajua kusoma na kuandika. Kisomeni cheti kabla ya kutoka mlangoni. Pasipoeleweka, ulizeni. Andikeni saa mgonjwa aliyopewa kidonge cha maumivu, ili mtu mwingine asije akampa tena kwa kutojua. Mstari mmoja wa kalamu unaweza kumlinda mzazi wako.

 Mwenye swali na aulize.